Ufunguo wa Depo Unalala Buterere

Kwenye barua ya kuomba kazi kuna mstari wa makazi, na hapa Bujumbura mstari huo husomwa kabla ya shahada. Ukiandika Rohero au Kinindo, msomaji anaendelea na ukurasa. Ukiandika Buterere, anainua macho akutazame viatu. Nina majirani walioandika Ngagara kwa sababu tu wana binamu huko. Siwalaumu.

Kwa asiyetujua: sisi tuko kaskazini mwa mji. Taka za Bujumbura zinamwagwa kwetu. Maji machafu ya mji nayo yana mabwawa yake ya kusafishiwa, kwetu vilevile. Uwanja wa ndege wa kimataifa, ambao tangu 2019 unaitwa kwa jina la Melchior Ndadaye, ni jirani yetu, kwa hiyo mgeni wa serikali na lori la taka hufikia upande mmoja. Mvua ikishika siku mbili tatu, maji hayabishi hodi. Na pale jalalani kuna watu wanaochambua plastiki, vyuma na chupa, wakauza kwa kilo. Ni kazi halali, tena ngumu, lakini huko mjini inahesabiwa kama wizi ambao haujagunduliwa bado. Mimi sikuwahi kuokota, ila mlango wa nyumba tuliyolelewa unatazama njia ya malori, na harufu haiulizi nani anaokota na nani haokoti.

Basi nilipopata kazi ya uplantoni kwenye depo moja ya vifaa vya ujenzi pale Kartie Industriel, jina langu lilikuwa limeshafika kabla yangu. Wa Buterere. Plantoni ndiye anayefagia biro, yaani ofisi, anapeleka karatasi, anapanga foleni benki na kuchemsha chai. Jioni mlinzi alipekua mifuko ya wafanyakazi wote, lakini wangu aliupekua mara mbili, na kila mara akiniomba radhi kwa Kirundi. Alikuwa mzee mwenye adabu zake. Aliagizwa afanye hivyo.

Wakati ule niliamini kwamba heshima ya kazini hutolewa na shefu. Niliamini kuna siku kubwa itakuja, nitafanya jambo la ajabu mbele yake, naye ataniona. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini nadhani wahenga hao hawakuwahi kupanga nyumba Buterere. Chema cha kwetu kikipelekwa sokoni huulizwa kwanza kimetoka wapi.

Aliyenifumbua macho ni keshia wetu, mama wa Buyenzi, mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa uzi. Kwa kuwa chai niliipeleka mimi, nilipata nafasi ya kumtazama. Ukimpa fedha, kwanza anazipanga noti zote zielekee upande mmoja. Anazihesabu mbele yako. Anazigeuza, anazihesabu tena kuanzia chini. Kisha anatamka jumla kwa sauti na kusubiri uitikie. Ukishaitikia ndipo anapoandika, na akishaandika ndipo droo inapofunguliwa. Alifanya hivyo kwa mteja wa misumari ya nusu kilo, akafanya hivyo kwa shefu mwenyewe, hata kama kuna watu kumi nyuma wanaguna.

Siku moja alikuja mteja kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Gatumba, anataka mabati. Keshia alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri. Nikamwambia, karibu kaka, mhasibu yupo, atakupokea yeye. Mhasibu wetu alikuwa na shahada, na kiti chake kilizunguka. Yule bwana akachungulia dirishani, akamwona, akarudi kukaa juu ya mfuko wa saruji.

"Dada, acha nimgoje mama. Huyu akihesabu sijui anahesabu nini."

Sasa, huyo mhasibu hakuwa mwizi. Tulikaa naye kazini muda mrefu na sijawahi kumsikia na deni la faranga moja. Tatizo lake ni kwamba alihesabu huku simu ameibana kwa bega, anacheka na mtu wa upande wa pili, na akikosea anaanza upya bila kukuambia kwamba amekosea. Basi. Kwa hilo tu mtu aliyevuka mpaka na fedha zake aliona afadhali akae kwenye vumbi la saruji zaidi ya nusu saa. Shahada ilitundikwa ukutani vizuri kabisa, na mteja hakuisoma.

Nilimsimulia shangazi yangu kisa hicho nikidhani atacheka. Hakucheka. Shangazi alikuwa akiuza vitenge kwenye soko kuu la Bujumbura, lile lililoungua Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013. Kibanda kiliteketea, mali ikateketea, na daftari la madeni nalo likateketea. Baada ya moto alikwenda kwa tajiri wake wa jumla hana kitu, akatoka na robota la vitenge bila kuandikishwa popote. Wenzake kadhaa, nao wateja wa zamani, waliambiwa wasubiri. Siku zote nilidhani alipendelewa. Akanieleza: kulipa, wote walikuwa wakilipa. Siku ya malipo ilikuwa Jumamosi. Yeye, wiki ambayo biashara ilikuwa mbaya, alikwenda Ijumaa kwa miguu yake mwenyewe kusema, mzee, kesho sitatimiza, nitaleta nusu. Wenzake walingoja Jumamosi jioni watafutwe, wakatafutwa, wakalipa yote. Siku ya shida, tajiri alimkumbuka yule wa Ijumaa.

Hili si geni kwetu Burundi. Mushingantahe, yule mzee anayekabidhiwa kuamua ugomvi wa majirani, hafanyiwi mtihani wa kuandika. Kabla ya kusimikwa watu wanamtazama miaka: anavyokunywa, anavyorudisha jembe la kuazima, anavyomzungumzia asiyekuwepo. Ajabu ni kwamba tukivuka mlango wa biro tunadhani mambo hayo tumeyaacha kijijini.

Halafu ikaja shida ya mafuta. Mwaka 2022 na miaka iliyofuata, aliyekuwa Bujumbura hahitaji kusimuliwa. Magari yalilala kwenye foleni za vituo. Bisi zikawa za kuhesabu. Mwezi Machi 2022 pikipiki, baiskeli na tuktuk zikakatazwa kuingia katikati ya mji, kwa hiyo hata mwenye fedha ya kupandia alishushwa njiani akamalizia kwa miguu. Kutoka Buterere tuliondoka gizani. Njia ya kwenda Ngagara saa kumi na mbili asubuhi ilijaa watu kana kwamba kuna mkutano: wauguzi, mafundi, walimu, wanafunzi, wengine viatu mkononi kwa sababu ya tope.

Pale depo kazi ilianza saa moja na nusu. Wote tukawa wachelewaji, na hapo ndipo nilipojifunza mengi kuliko miaka yote.

Kulikuwa na mwenzetu wa mauzo anayekaa Ngagara, si mbali. Alichelewa dakika kumi, robo saa hivi. Aliingia kwa mlango wa nyuma ambako malori hupakia, koti analiacha kwenye kiti cha mwenzake ili ionekane amefika zamani, na hadithi anayo mdomoni: bisi imeharibika, mtoto ameumwa, askari wamefunga njia. Hadithi nyingine zilikuwa za kweli, nami ninajua, kwa sababu njia hiyo nilipita. Mimi nilichelewa kuliko yeye. Kuna siku nilifika saa tatu. Lakini nilikuwa nikiweka yuniti za ujumbe mmoja, sizigusi hata kwa mama yangu, na kabla sijatoka nyumbani namwandikia shefu: "Shefu, habari ya asubuhi. Bisi hakuna. Ninaanza kutembea saa kumi na moja na nusu, huenda nikafika saa mbili na robo. Ufunguo wa biro nilimwachia mlinzi jana." Nikiona nitapitiliza hata saa niliyoitaja, naomba simu kwa mtu njiani nisahihishe.

Sikuwa na ujanja wowote. Nilikuwa ninamwiga shangazi na Ijumaa yake.

Baada ya miezi kadhaa shefu alifanya kikao, akamsema yule kijana mbele ya watu kwamba ni mchelewaji sugu. Kuhusu mimi akasema, "Huyu anatoka mbali." Kwa hesabu ya dakika mimi ndiye niliyestahili kusemwa. Nikanyamaza, lakini nilikaa nalo moyoni. Nilimwonea huruma mwenzangu, kwa sababu kweli hakuwa mvivu. Alikuwa hodari wa kuuza kuliko sisi sote. Ila kila asubuhi alimwacha mtu akitazama saa bila kujua lolote, na mtu anayetazama saa ana muda mwingi wa kukufikiria vibaya.

Hapo nikaanza kubadilika kwa makusudi, kwa vitu vidogo ambavyo ukivitaja vinachekesha. Nikitumwa benki, nikirudi ninaweka risiti mezani kabla ya kusalimia. Nikiulizwa jambo nisilolijua ninasema sijui, nitauliza, nitakujibu kabla ya chakula cha mchana. Na kabla ya chakula ninarudi, hata kama jibu ni kwamba bado sijapata. Zile stori za nyuma ya depo, za nani analala na nani na nani amekopa wapi, niliziacha. Si kwa utakatifu. Niligundua tu kwamba wanaozisikiliza huondoka wakijiuliza wao wanasemwaje.

Magaziniye wetu, yaani mtunza bohari, alipoacha kazi, shefu aliuliza watu wawili. Keshia alinitaja. Wa pili ni yule mzee mlinzi, na maneno yake nililetewa jioni hiyo hiyo: "Mfuko wake ninaujua kuliko nyumba yangu." Nilicheka, kisha nikajifungia chooni nikalia. Upekuzi wote ule ulionidhalilisha ulikuwa umegeuka ushahidi wangu.

Kwenye umagaziniye nilianza na kaye, yaani daftari. Kompyuta ilikuwepo, lakini umeme una ratiba zake. Nilipiga mistari: tarehe, kitu, idadi, nani amechukua, sahihi. Kila kitu kikitoka, hata skrubu za kujaribia, kinaandikwa papo hapo mlangoni, si jioni kwa kukumbuka. Wapakiaji waliniona msumbufu. Mmoja alisema ninaandika hata upepo ukipita.

Ikafika inventeri, siku ya kuhesabu mali. Makopo ya rangi yakapungua. Hakuna aliyenyoosha kidole, lakini miaka ya Buterere ilinifundisha kusoma macho, na macho yalikuja kwangu. Niliposikia mtu anauliza mwenzake kwa sauti ya chini kama rangi inauzika huko jalalani, nikajua shutuma imefika wapi.

Kwenye kaye mstari ulikuwepo. Rangi nyeupe, makopo manne, Jumamosi mchana, amechukua mdogo wake shefu, amesema atasaini Jumatatu. Nafasi ya sahihi ilikuwa tupu. Jumatatu hiyo hakuja, wala iliyofuata.

Wenzangu wawili waliojua walinishauri niusome mstari ule uani, mbele ya watu wote, nijisafishe. Nilikataa, na mpaka leo nadhani nilifanya vizuri. Ningejisafisha kwa kumchafua shefu mbele ya wapakiaji wake, na kesho yake ningekuwa mtu safi asiye na kazi. Nilingoja watu waende kula. Nikaingia biro, nikafungua kaye mezani, nikaweka kidole kwenye mstari.

"Shefu, hapa bado kuna nafasi wazi."

Alisoma. Akavua miwani. Akarudi kusoma tarehe. Hakusema neno, akachukua simu, akazungumza Kirundi cha hasira na mtu wa upande wa pili. Jioni mdogo wake alikuja akatia sahihi bila kunitazama. Kama rangi ile ililipwa au haikulipwa, hilo ni la ndugu, halikunihusu.

Kuanzia wiki hiyo ufunguo wa depo ulikuwa unarudi nami nyumbani. Mama aliutundika nyuma ya mlango kwa utepe mwekundu, na wageni wakija aliwaeleza bila kuulizwa kwamba ule ni ufunguo wa depo nzima ya Kartie Industriel. Mali ya mamilioni ya faranga, na ufunguo wake unalala Buterere, mita chache kutoka njia ya malori ya taka.

Ningeweza kuishia hapa na ushuhuda ungependeza. Lakini kuna upande ambao wenye shuhuda huuruka. Jina zuri kazini lina gharama, na wa kulipa ni wewe. Watu wakishajua kwamba kitu kikiwekwa mikononi mwako kitafika, wanaweka kila kitu. "Mpe yule mama, atafanya." Bohari yangu, benki bado yangu, mgeni wa ghafla wangu, hata orodha ya michango ya msiba ikawa yangu, kwa kuwa eti mimi huandika vizuri. Na mshahara ulisogea kidogo tu, huku bei zikikimbia. Sifa hainunui sukari, na kuna miezi ambayo sukari yenyewe haikuwepo dukani. Nilichoka mpaka nikaanza kuwachukia watu walioniamini.

Mabadiliko ya pili, kwa hiyo, yalikuwa kujifunza kukataa bila kuvunja neno. Sikusema "sina nafasi", maana mwenye kazi zake hataki kujua nafasi yako. Nilisema, "Leo haiwezekani, kesho kabla ya saa nne itakuwa tayari," na kesho kabla ya saa nne ilikuwa tayari. Mara ya kwanza shefu alikunja uso. Baadaye akawa anaanza yeye: "Hii inaweza kuwa tayari saa ngapi?" Nilishangaa kuona kwamba heshima haikupungua, ilipanda. Nadhani mtu anayekubali kila kitu huonekana kama asiyejua uzito wa anachokikubali.

Wala haki haiko sawa. Mwanamume akinyamaza kikaoni wanasema ni makini. Mimi nikinyamaza wanasema ni mpole, apewe chai aigawe. Mwanamume akidai sahihi ni mkali wa kazi; mimi ni msumbufu. Tabia zile zile, hukumu mbili. Sijui dawa yake. Niliendelea kudai sahihi.

Simu nayo imeongeza mlango mpya wa kuharibia jina. Tulikuwa na kundi la WhatsApp la kazini, na kijana mmoja wa usafirishaji aliweka humo sauti aliyokusudia kuituma kwa rafiki yake, anamwigiza shefu anavyokohoa. Aliifuta haraka. Watu wanne walikuwa wameshaisikia, na mmoja alikuwa shefu. Hakufukuzwa, lakini tangu siku hiyo akisema lolote, hata la maana, watu walitabasamu kabla hajamaliza.

Baadaye niliomba kazi kwingine, kwa muuzaji wa pampu na mabomba. Nilipeleka atestasyo yangu, karatasi yenye mhuri inayosema nilianza lini, nikaacha lini, nilikuwa nani. Haisemi zaidi ya hapo, na kila mwajiri wa mji huu anajua haisemi zaidi ya hapo. Ndiyo maana hupiga simu. Huyu hakumpigia shefu wangu wa zamani. Alimpigia mama wa Buyenzi, keshia, ambaye alimfahamu kwa kuwahi kununua pale. Keshia alinisimulia baadaye kwamba bwana huyo hakuuliza habari za elimu yangu wala za kwetu. Aliuliza mambo mawili tu: akichelewa, anasema? Na kitu kikipotea, anajificha?

Nilianza kazi mwezi uliofuata. Mshahara ni mkubwa kidogo kuliko wa mwanzo, si sana, na kaye bado ninanunua kwa fedha yangu.